Wanafunzi wangu wananiletea insha badala ya habari. Nianzie wapi?

SWALI: Mwalimu, mwaka huu nimeanza kufundisha uandishi wa habari na makala katika chuo kikuu hapa Kisumu. Nina wanafunzi 64 wa mwaka wa pili na muhula wa wiki 14. Nimewafundisha yale maswali sita (nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi) na piramidi iliyogeuzwa (lililo zito zaidi juu, lililo jepesi chini), na kwenye mtihani wanayaeleza bila kosa. Lakini nikiwaambia waandike habari, wananiletea insha. Wanaanza na methali, wanamaliza kwa kuishauri serikali. Makala ndiyo mabaya zaidi: maneno matamu yasiyo na mtu ndani. Na siku hizi wengine wananiletea kazi safi mno ambayo najua hawakuiandika wao. Mwenzangu ananishauri niwape sarufi kwanza kwa sababu lugha yao ni dhaifu. Je, tatizo ni lugha, au ni mimi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilijiona ndani yake. Miaka yangu ya mwanzo darasani, baada ya kutoka chumba cha habari, nilirudi nyumbani na mafungu ya kazi kama hizo unazozieleza, nikadhani mimi ndiye nisiyejua kufundisha. Kwa hiyo nianze hapo: si wewe. Na lugha inahusika kidogo kuliko anavyodhani mwenzako. Zile insha, makala yasiyo na mtu na zile kazi safi za kutiliwa shaka ni matawi ya shina moja. Wanafunzi wako wanaketi kuandika kabla hawajaenda kutafuta. Mwenye daftari tupu lazima aujaze ukurasa na kitu, na kilicho karibu naye zaidi ni methali, au simu yake.

Kwanza uelewe insha inatoka wapi, usije ukamlaumu kijana bure. Tangu shule ya msingi hadi KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, alipewa alama kwa kuchelewesha jambo. Alifundishwa kuanza na jua kuchomoza, ndege kuimba na wahenga kunena. Mwalimu alitia vyema juu ya kila tashbihi, na aya ya mwisho akataka funzo. Hiyo ni kazi yenye mahali pake, na kijana wako aliiweza vizuri. Bila hivyo hangefika chuoni. Sasa habari inamtaka afanye kinyume: jambo litangulie, funzo lisiwepo kabisa. Umempa maelezo ya piramidi naye ameyakariri, lakini maelezo hayang'oi mazoea ya miaka 12. Mazoea hung'olewa na mazoezi, tena ya kila wiki.

Dawa ninayoitumia mimi ni mdomo. Ninamtoa mwanafunzi mmoja nje ya darasa, ninampa karatasi yenye mambo kumi ya tukio la kubuni, halafu ninamwambia aingie amweleze rafiki yake kilichotokea kwa pumzi moja. Hajawahi hata mmoja kuingia akisema "wahenga walisema". Anasema, "Vibanda vinane vimeungua jana usiku kule Manyatta, na kuna fundi amepoteza cherehani zote nne." Ninaandika maneno hayo ubaoni kama yalivyo. Kisha ninampa dakika ishirini aandike habari ileile peke yake, na tazama kinachotoka: "Ajali haina kinga, hivyo ndivyo walivyosema wahenga. Wakazi wa mtaa wa Manyatta walipigwa na butwaa baada ya moto mkubwa kuzuka na kuteketeza mali ya thamani isiyojulikana." Tunaziweka sentensi mbili hizo kando kwa kando. Darasa zima linaona, bila mimi kusema neno, kwamba mwenzao alikuwa mwanahabari aliposema na akaacha kuwa mwanahabari aliposhika kalamu.

Usiishie hapo, maana somo lenyewe ndiyo kwanza linaanza. Piga mstari chini ya "mali ya thamani isiyojulikana". Haijulikani na nani? Fundi anajua alinunua cherehani zake kwa pesa ngapi, na pengine bado analipa mkopo. Mwandishi hakumuuliza. Piga mstari chini ya "moto mkubwa" na uulize, mkubwa kiasi gani? Uliwaka saa ngapi hadi saa ngapi? Zimamoto walifika au majirani walizima kwa ndoo? Nani alivihesabu vibanda vikawa vinane? Kila pambo mwanafunzi analoweka, chini yake kuna swali ambalo halikuulizwa. Akishaliona hilo mara tatu au nne, huanza kujishika mwenyewe.

Waeleze pia sababu ya piramidi, kwa sababu vijana hawatii kanuni wasiyoijua chanzo. Mhariri akikosa nafasi ukurasani, hukata kutoka chini, na anakata akiwa na haraka. Msikilizaji wa redio hawezi kurudi nyuma kusikiliza tena. Msomaji wa simu anasoma ndani ya matatu kutoka Kondele, na huenda akashuka kabla ya aya ya tatu. Kwa hiyo lililo zito hukaa juu. Ni utaratibu wa kazi tu, na habari nyingine zinaweza kuandikwa vingine, lakini anayetaka kuuvunja na auweze kwanza.

Sasa nimjibu mwenzako wa sarufi, kwa haki. Ana sehemu ya ukweli. Wapo wanafunzi ambao sentensi zao zimevurugika hadi maana inapotea, na hao wanahitaji msaada wa peke yao. Lakini ukitumia wiki nne za muhula kwa ngeli na viambishi, utabaki na wiki kumi na darasa lililochoka. Nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi akiwa na mambo ya hakika mkononi, sentensi zake hufupika zenyewe, na makosa mengi huondoka pamoja na maneno yaliyozidi. Sarufi ambayo mimi hufundisha mapema ni ya aina mbili tu. Ya kwanza ni kauli ya kutendwa au ya kutendeka inayoficha mtu: "inadaiwa", "imebainika", "inasemekana". Amedai nani? Amebaini nani? Kama jibu lipo, liandikwe. Kama halipo, sentensi ifutwe. Ya pili ni matumizi ya -me- na -li-. Wanafunzi wengi huandika "mwanamume amefariki Jumanne usiku". Ukiitaja siku iliyopita, tumia "alifariki". Kiambishi -me- kiachie jambo ambalo hali yake ingali mbele ya macho ya msomaji: "daraja limefungwa".

Kuna jambo moja la lugha ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko sarufi yote, hasa huku kwetu. Wanafunzi wako wanahoji watu kwa Kijaluo, kwa Kiluhya, kwa Kiswahili cha mtaani, halafu wanaandika kwa Kiswahili sanifu au Kiingereza. Katikati ya safari hiyo maneno ya watu yanapotea. Mama wa Kibuye anasema, "Omena onge. Nyithindo biro chamo ang'o?" Yaani omena, wale dagaa wa ziwani, hakuna; watoto watakula nini? Kwenye karatasi ya mwanafunzi, mama huyohuyo anasema: "Uhaba wa samaki umeathiri pakubwa lishe ya familia za kipato cha chini." Mama huyo hajawahi kutamka sentensi hiyo maishani mwake. Mwanafunzi hakukusudia kudanganya. Alidhani nukuu lazima ivae suti. Lakini amemtia mtu maneno kinywani, na zile alama za kunukuu ni ahadi kwa msomaji.

Kanuni yangu ni hii. Maneno ya msemaji yaandikwe daftarini kwa lugha aliyoyasema, palepale, kabla ya kutafsiri lolote. Akirudi, atafsiri. Kisha ampe mwenzake anayejua lugha hiyo tafsiri peke yake, airudishe kwa Kijaluo au Kiluhya kwa sauti. Kama kinachotoka hakifanani na kilicho daftarini, tafsiri ni mbovu. Na kama hana hakika ya neno kwa neno, aondoe alama za kunukuu na aeleze kwa maneno yake: mama huyo alisema amekosa omena na hajui atawapa watoto nini. Hakuna aibu katika kueleza. Aibu ni nukuu ya kutunga.

Uwatume wapi? Kosa ambalo vyuo vingi tunafanya ni kuwapeleka wote kwenye kikao cha mwanasiasa na wanahabari. Watarudi 64 na habari moja inayoanza na "Gavana amesema". Watawanye. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge la kaunti lifanye shughuli zake waziwazi na vikao vyake viwe vya hadhara, kwa hiyo mwanafunzi ana haki ya kuketi sehemu ya umma asikilize hoja ya maji au ya masoko. Mahakamani pia kesi nyingi husikizwa hadharani. Kukaa asubuhi moja katika mahakama ya Kisumu kunamfunza mtu kuandika kwa uangalifu kuliko mihadhara yangu yote. Wengine waende Kibuye, hasa Jumapili soko linapofurika, na wasirudi bila bei tatu zilizoulizwa kwa wauzaji watatu.

Halafu kuna Kifungu cha 35, haki ya kupata habari, na sheria yake ya mwaka 2016 inayoitaka ofisi ya umma ijibu ombi la raia ndani ya siku 21. Wiki ya kwanza ya muhula, kila kundi liandike barua moja fupi: pesa ngapi zilitengewa ukarabati wa zahanati fulani, na ngapi zimetumika? Siku 21 zinaisha wiki ya nne. Baadhi watajibiwa, wengine hawatajibiwa, na ofisi kunyamaza baada ya siku hizo nako ni habari. Usilisahau zoezi hili. Muhula ukishaanza kukimbia, hutapata tena nafasi yake.

Na hesabu, tafadhali. Bei ikitoka shilingi 150 ikafika 200, imepanda kwa thuluthi moja, na bado utasoma "imepanda kwa asilimia 50" kwa sababu mtu aliona tofauti ya shilingi 50. Nusu saa ya asilimia kila wiki kwa wiki tatu inatosha.

Tuje kwenye makala, ambako naona ndiko unakoumia zaidi. Wanafunzi wanaamini kwamba makala ni habari iliyorefushwa na kupambwa, kwa hiyo wanarudi kwa furaha kwenye insha waliyoiacha. Waambie hivi: habari hujibu kimetokea nini, makala hujibu hali hii inafanyaje kazi, na inamfanya nini mtu huyu hapa. Chukua bwawa la Solai kule Nakuru, lililopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Usiku ule na siku zilizofuata, kazi ilikuwa habari: wangapi wamepatikana, wangapi hawajulikani waliko. Hesabu ilibadilika kila mara, ndiyo maana mwandishi makini huandika idadi pamoja na saa yake na jina la aliyeitoa. Miezi ikapita. Mtu anayerudi kujenga mahali nyumba yake ilipozolewa, akiwa hajui kama kuna bwawa jingine juu yake, huyo hahitaji idadi mpya ndipo aandikwe. Hayo ni makala. Yanataka mwandishi arudi, aketi, atazame.

Kurudi ndilo neno ninalolisisitiza. Mimi hukataa makala yoyote ambayo mwandishi wake alimtembelea mtu wake mara moja tu. Mara ya kwanza mtu hukupa hotuba. Mara ya pili anaendelea na kazi yake nawe umekaa pembeni, na hapo ndipo unaona. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliandika kuhusu wauza omena katika miezi ambayo uvuvi wake hufungwa ziwani, kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai. Rasimu ya kwanza ilijaa "makali ya maisha" na "hali ngumu ya uchumi". Nikamrudisha. Akakaa na muuzaji mmoja tangu saa kumi na mbili asubuhi. Aligundua kwamba bei ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia, haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mkono. Siku za kawaida mama yule aliijaza gorogoro hadi omena zikafanya kilima juu, zikimwagika. Sasa alipitisha kiganja chake juu ya mdomo wa mkebe, taratibu, akiisawazisha. Wateja waliona. Hawakusema kitu, naye hakuwatazama usoni. Mwanafunzi huyo aliyafungua makala yake na kiganja hicho, akafuatisha aya moja iliyoeleza kwa nini uvuvi hufungwa, nani huumia na nani hufaidi samaki wakizaliana, na kutoka hapo akaenda vizuri hadi mwisho. Hakutumia methali hata moja. Mimi niliyasoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikasahau kuketi.

Aya ile ya pili ndiyo wanafunzi hukosa. Mwanzo mzuri wenye mtu, kisha msomaji anaachwa akijiuliza kwa nini anasomeshwa haya. Dai aya hiyo kila mara, ndani ya aya nne za kwanza: jambo kubwa ni lipi, na kwa nini sasa.

Kuhusu zile kazi safi mno. Usipoteze nguvu kuwinda sentensi zinazonuka mashine ya akili unde. Utamshuku asiye na hatia na utaacha wajanja wapite. Badilisha unachokipokea. Kazi iletwe pamoja na daftari lenye mwandiko, tarehe, saa na mahali, pamoja na simu za watu waliohojiwa waliokubali kupigiwa. Kila wiki chagua kazi tatu bila mpangilio na umpigie mtu mmoja katika kila kazi: "Je, ulizungumza na mwanafunzi wetu? Alikunukuu sawasawa?" Namba hizo zikae kwako tu, na uzifute muhula ukiisha, maana hao ni watu walioamini chuo. Daftari lipe alama 40 kati ya 100. Mashine inaweza kupanga maneno, lakini haiwezi kumwona mama akisawazisha gorogoro. Nikuambie ukweli, njia hii inakula muda, na mwanafunzi mwenye dhamira ya kudanganya bado anaweza kujaza daftari la uongo. Ila atatoka jasho kama yule aliyekwenda sokoni, na wengi huona afadhali kwenda.

Juu ya kusahihisha kazi 64, usijaribu kusoma kila kitu kila wiki. Utachoka wiki ya tano na uanze kuandika "vizuri" kila mahali. Wagawe katika madawati manane ya watu wanane, kila dawati na mhariri wake wa wiki. Mhariri asome kwanza. Wewe soma aya tatu za mwanzo za kila mtu, na kazi nzima ya dawati moja tu kwa wiki, ukiihariri mbele ya darasa, huku jina limefunikwa. Kisha waandike upya. Kuandika upya ndiko kunakofundisha. Kazi iliyorudishwa na alama bila kurudiwa haijamfunza mtu chochote zaidi ya alama yake.

Kuna mambo usiyaamue kwa kusoma jibu langu, yanataka mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Mwanafunzi akileta habari inayomtuhumu mtu kwa jina, usiiruhusu hata kwenye ukurasa wa chuo kabla mhariri mwenye uzoefu au wakili hajaisoma. Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kuharibia mtu jina mwaka 2017, lakini kesi za madai zipo na fidia zake ni nzito. Habari yoyote yenye mtoto, au mtu aliyedhulumiwa kingono, isitoe jina wala kitu cha kumtambulisha, ikiwa ni pamoja na kijiji chake na jina la mjomba wake. Usimtume mwanafunzi kwenye maandamano. Akiyakuta njiani, atoke. Na akirudi kutoka eneo la ajali au mafuriko ya Nyando akiwa kimya, hapati usingizi, hataki kula, mpeleke wewe mwenyewe kwa mshauri nasaha wa chuo siku hiyohiyo, usimwambie tu aende.

Na wewe pia utafute mtu. Kisumu ina wahariri na waandishi wa miaka mingi, wa magazeti na wa redio za Kijaluo na Kiswahili, ambao wengi wangekubali kuja wakiombwa kwa heshima. Akikubali mmoja, usimwandalie kipaza sauti aeleze maisha yake. Mpe kalamu nyekundu, habari tatu za wanafunzi wako na saa moja, azihariri mbele yao akisema kwa sauti kila anachokifikiria anapokata.